Mwalimu wa Hesabu Asiyehesabu Mbuzi

Mimi siamini cha bure. Nilikaa Kitengela miaka kumi na minane, na kule mtu akikupa kitu bila kutaka kitu, unakipindua kwanza uone chini kuna nini. Kwa hiyo kabla sijaeleza habari za Mwalimu niseme wazi: miezi yote mitatu aliyonifundisha aljebra nilimshuku. Yeye naye alinishuku. Hatukuwahi kuketi kwenye benchi lake bila kutazamana kwa jicho la pembeni, na bado hadi leo nikifanya hesabu yoyote namsikia akikohoa nyuma ya shingo yangu.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto walimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, na wakubwa walimwita Mwalimu, hata wale waliomsengenya. Alikuwa mama mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, na aliishi peke yake na mbuzi wake kwenye ploti iliyobanwa na maghorofa pande tatu. Matapeli wa ardhi wametufunza kuandika ukutani PLOTI HII HAIUZWI, na wengi wetu huandika mara moja, kwa nje. Mwalimu aliandika ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, kwenye lango, na mara ya nne upande wa ndani wa lango. Nilimuuliza sababu ya ule wa ndani.

"Kuna wale huingia kwanza ndio waulize," akasema.

Mama Sahra, mwenye duka la mkabala, ambaye kwao ni Garissa, alikuwa akisema kwamba wamebaki mbuzi tu kuandikwa. Lakini huyo huyo Mama Sahra akisafiri kwenda kwao, funguo za duka alimwachia Mwalimu. "Huyo mama anaweza kukukasirisha mpaka ukonde," aliniambia, "lakini nikirudi hakukosi hata kiberiti." Sikujua niweke wapi maneno hayo, kwa sababu nilikuwa na mengine ya kinyume chake, na nitayafikia.

Tulijuana kwa ugomvi. Wakati huo nilikuwa nauza katika duka la dawa za mifugo, na Mwalimu akaingia asubuhi moja akitaka dawa ya minyoo. Nikamuuliza swali nililomuuliza kila mteja.

"Mbuzi wako ni wangapi, Mwalimu?"

Akanitazama kama nimemuuliza atakufa lini. Mimi kwetu ni Ukambani, lakini nilikuwa nimekaa huku vya kutosha kujua kwamba Wamaasai hawapendi mifugo ihesabiwe, kwamba ukiitaja idadi umeiita hasara. Hata hivyo wateja wengi wa Kimaasai walinijibu tu "kama hamsini hivi" na biashara ikaendelea. Na huyu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Nilidhani mtu wa namna hiyo haogopi namba.

"Nipe ya kuwatosha," akasema.

"Ya kuwatosha wangapi?"

"Walioko."

Kisha akaweka kiwiko kwenye kaunta. "Chupa moja ni ya mbuzi wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Basi mara ya mwisho nilinunua tatu, ikabaki dawa ya mbuzi watano. Haya, nipe."

Kichwa changu kilifanya kazi bila kuniomba ruhusa. Tatu mara kumi na mbili, toa tano. "Thelathini na mmoja!" nikasema kwa sauti, nimejifurahisha kabisa, mbele ya wateja wengine wawili.

Mwalimu akatema mate kidogo kando, akachukua mkoba wake na kuondoka bila dawa.

Alirudi baada ya siku tisa. Nilikuwa nimeshasikia kwa Mama Sahra kwamba mbuzi mmoja amevimba tumbo akafa, na nilijua huyu anakuja kunitwika kifo hicho. Nikajiandaa kwa majibu. Nilikuwa nayo mengi, na mengine hayakuwa na adabu.

"Chupa tatu," akasema. "Safari hii itabaki ya mbuzi sita."

Nikamtazama. Akanitazama. Nikazifunga chupa tatu kwenye gazeti.

"Umejua?" akauliza.

"Nimejua."

"Na hujasema."

"Sijasema."

"Basi hicho kitabu umekificha hapo chini ya kaunta, kwa nini kinakushinda?"

Kitabu hicho kilikuwa cha aljebra, na kilinishinda kweli. Chuo kimoja upande wa Kajiado mjini kilikuwa kimekubali kunichukua nisomee kazi ya maabara ya mifugo. Lakini hesabu yangu ya kidato cha nne ilikuwa ya kuburuta mkia, na watu wa namna yangu walipewa kwanza mtihani wa kupimwa, wajulikane kama wanaweza kuanza. Nafasi zilikuwa mbili tu. Ya kwanza nilipata kumi na nane kwa mia, na karibu kila nilipoanguka palikuwa na herufi x. Ya pili ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Nikiikosa hiyo, mlango unafungwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na binti wa darasa la nne, Mutheu, na nilikuwa nimeanza kuota kwamba siku moja atakuja kunipokea kaunta ile ile.

"Njoo Jumamosi saa nane," Mwalimu akasema. Nikamuuliza atanitoza nini. "Maganda. Ya viazi, ya ndizi, majani ya kabichi. Usilete yaliyooza."

"Hayo tu?"

"Unataka niongeze?"

Hapo ndipo shaka yangu ilipopata kiti ikaketi. Kila Jumamosi nilipita sokoni, nikajaza gunia, nikagonga lango. Hakufungua hata siku moja kabla ya kuuliza "Nani?", ingawa aliniona kwenye tundu, na mimi nililiona jicho lake kwenye tundu. Akishafungua alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nikamjibu "Iko," kisha akalifungua gunia na kulipekua hadi chini.

Alishuku kila kitu, na kwa haki sawa. Akiambiwa fulani amefariki, alipita kwao kwanza aone kama kuna viti nje. Redio ikisema mvua itanyesha, alitoka akatazama vilima vya Ngong. Kliniki ya mtaani ilipomwambia ana presha, alienda kupimwa Ngong, halafu Kiserian, kisha akachukua kipimo cha katikati. Akifunga kufuli alilivuta, akaenda hatua kumi, akarudi akalivuta tena. Hata kanisani aliomba macho wazi. Nilimwona mwenyewe, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimefumbua.

Katika aljebra tabia hiyo alikuwa ameipa jina moja: kurudisha. Ukipata jibu, hujapata kitu. Unalichukua unalirudisha pale x ilipokuwa imekaa, unafanya hesabu upya, na pande mbili zisipolingana jibu hilo ni la uongo hata kama umelitolea jasho. "Lirudishe," alikuwa akisema, bila kuinua macho kwenye maganda. Nikisema x ni nne: "Lirudishe." Siku moja nilimwambia ninaamini jibu langu. Akasema, "Usiliamini. Hata mimi usiniamini. Lirudishe." Kwa hilo la pili sikuhitaji kuhimizwa.

Mambo mengine aliyafundisha kwa mbuzi. Nilipoandika kwamba 3m jumlisha 2k ni 5mk, aliniuliza kama nimewahi kuona mnyama anayeitwa mbuzikondoo, na kama duka letu lina dawa yake. Lakini kosa lililonitesa ni la alama ya kutoa mbele ya mabano. Swali lilikuwa hili: 10 − (x − 3) = 6. Mimi nikayaondoa mabano kama mtu anayevua koti, nikaandika kumi toa x toa tatu, nikapata x ni moja. Nikarudisha, ikakataa. Nikafanya tena vile vile. Jumamosi nne mfululizo.

"Sikiza," akasema Jumamosi ya nne. "Niko na mbuzi kumi kwenye boma."

"Mwalimu, umewahesabu."

"Hao ni wa kitabu, hawafi. Nakuambia peleka sokoni mbuzi x, lakini watatu kati yao uwarudishe nyumbani. Wewe umefanya nini? Umeuza x, halafu wale watatu niliosema warudi umewauza pia. Wewe ni mwizi wa mbuzi."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na nikiwa nacheka nikaona. Watatu wanarudi. Wanaongezeka bomani. Kumi toa x jumlisha tatu ni sita, x ni saba. Nikairudisha bila kuambiwa: kumi toa nne, sita. Nilitaka kumkumbatia. Yeye akasema tuendelee, bado kuna mwanga.

Siri ya x yenyewe alinionyesha langoni. Jioni mbuzi walipotoka malishoni, kwenye ule uwanja wazi karibu na reli, alisimama mkono kwenye nguzo akawaangalia wakiingia. Midomo yake haikusogea. Wakishapita wote alisema neno moja tu, "Wametimia," akafunga. Lakini siku moja aliliacha lango wazi akasema, "Kuna mmoja hayuko. Yule wa sikio limechanika." Na kweli, tulimkuta amenasa kwenye waya wa ua.

"Umejuaje na hujahesabu?"

"Ukihesabu unajua tu kwamba mmoja amepotea. Hujui ni nani. Mimi naangalia walioko, wale walioko wananiambia nani hayuko. x ni huyo. Usimwogope, ako na sura yake. Angalia walioko."

Mtu huyu alikuwa amefundisha mamia ya watoto kuhesabu, na ukimuuliza wajukuu wake ni wangapi alijibu, "Wako."

Sasa yale mengine. Binamu yangu wa Kiserian aliposikia ninafundishwa na nani, alipiga simu kwa haraka ya mtu aliyeona moto. "Huyo mama si ndiye aliiba mtihani?" Akanisimulia kwamba Mwalimu alikuwa akifundisha shule moja ya bweni mbele ya Oltepesi, akiwa msimamizi wa chumba cha mtihani wa hesabu, na karatasi moja ikatoweka kwenye bahasha aliyoitilia sahihi yeye. Baadaye maswali yakaonekana nje. Hakufungwa, ila aliondolewa na akastaafu mapema. "Lisemwalo lipo," binamu akasema. "Na kama anakufundisha bure, jiulize anatafuta nini."

Nilikuwa nimejiuliza hilo tangu gunia la kwanza. Lakini nitasema lote, hata linaloniaibisha: pembe moja ya moyo wangu ilitumaini kwamba uvumi ni wa kweli. Jumamosi iliyofuata nilimzunguka Mwalimu kwa maneno, nikamuuliza kama hakuna namna ya mtu kuona vile maswali ya chuo hukaa, kidogo tu, asishtuke siku yenyewe.

Akafunga daftari. "Enda nyumbani," akasema.

Niliondoka nikijua nimejifungia mlango mwenyewe. Wiki nzima sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda tena na gunia nisijue kama litafunguliwa. Jicho likaja kwenye tundu, likakaa. Kisha akafungua, akapekua maganda, akaketi, na kabla sijatoa kalamu akaanza kunisimulia, akiwa amewatazama mbuzi.

"Bahasha ililetwa na gari asubuhi. Kuna fomu, inasema hesabu karatasi halafu utie sahihi. Mimi niliiangalia. Nikaona imejaa. Nikatia sahihi." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka. "Maisha yangu yote nimejua nani hayuko kwa kuangalia tu. Lakini karatasi hazina sura. Wakaniuliza, Mwalimu, ulipopokea zilikuwa ngapi? Sikuwa na jibu la kurudisha."

Nilitaka kumwamini, na nilipoona nataka, nikajishuku.

"Tangu hapo jina langu halijaandikwa kwenye karatasi ya masomo ya mtu yeyote," akasema. Kisha akalichukua daftari langu, akaandika kwenye jalada kwa kalamu nyekundu, polepole, kwa ule mwandiko wa ubaoni: *Makosa ya Mama Mutheu. Yamesahihishwa na*, na hapo akaweka jina lake, majina yote matatu, na sahihi.

Kuhusu daftari hilo nieleze kidogo. Lilikuwa la kawaida la shule, lenye majedwali ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tangu siku ya kwanza alikataa nifute chochote. Kosa lilikaa, likawekwa tarehe, na jibu sahihi nikaliandika mwenyewe kwa wino mwekundu chini yake. Hakutaka nimletee majibu, alitaka nimletee makosa mapya, na nikirudia la zamani alikohoa. Nikimaliza, daftari liliingia kwenye sanduku lake la bati na kufuli likavutwa mara mbili. Sikuruhusiwa kwenda nalo nyumbani. Nilimuuliza kwa nini na akajibu kitu nilichokiona cha mzaha: "Mwizi wa jibu hana makosa." Nilidhani ananiwekea ushahidi. Sikukosea, ila sikujua ushahidi huo ni wa upande gani.

Mtihani nikaufanya. Swali la mabano lilikuwepo, na niliwarudisha mbuzi wangu watatu nyumbani. Nikapata themanini na saba.

Mtu akitoka kumi na nane akafika themanini na saba kwa miezi mitatu, hata mimi ningemshuku. Mkuu wa idara aliniita ofisini, mtu mpole mwenye sauti ya chini, karatasi zangu mbili ameziweka sambamba mezani.

"Mama, hizi ni za mtu mmoja kweli?"

"Ni zangu, sir."

"Nani amekufundisha?"

Jina lilifika kwenye ulimi. Nikamwona akilisikia, akikumbuka, akizikunja zile karatasi. Nikaona kaunta. Nikamwona Mutheu nyuma ya kaunta.

"Nimejisomea mwenyewe," nikasema.

Akanipa hadi Jumatatu nilete chochote kinachoonyesha nilivyojiandaa, la sivyo matokeo yatafutwa. Nilienda moja kwa moja kwa Mwalimu. Nilimweleza yote, isipokuwa lile moja.

"Wamekuuliza nani alikufundisha?"

"Hapana, Mwalimu. Hawajauliza."

Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kuungama. Kisha akafungua sanduku, akanipa daftari. "Nenda ukawaonyeshe. Halafu ulirudishe."

Jumatatu, nikiwa nje ya lango la chuo, nilifungua pini za katikati kwa ukucha, nikalitoa lile jalada, nikalikunja na kuliweka ndani ya Biblia yangu. Nililichomoa taratibu lisichanike, kana kwamba huo nao ni wema.

Mkuu wa idara alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Wino mwekundu kila mahali, tarehe, kosa, kosa tena. Alisimama kwenye ile Jumamosi ya nne. Akanipa chaki, akaniambia niandike swali hilo ubaoni nilikosee kama nilivyokosea, halafu nimweleze nilichokuwa nikifikiria. Nikamsimulia habari za mbuzi x na wale watatu. Alicheka. Akaketi. Akasema amefundisha miaka mingi na hajaona mtu akinunua mtihani kisha akaenda kutunga makosa ya miezi mitatu.

"Na jalada?"

"Lilichanika, sir."

Nikaandikishwa siku hiyo hiyo. Jioni nikamrudishia Mwalimu daftari. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipima kidogo hewani, akalitazama vile anavyowatazama mbuzi langoni. Nilingoja. Hakulifungua. Akaliweka kwenye sanduku na kuvuta kufuli.

"Hongera," akaniambia. "Usisahau gunia lako."

Nilihamia Kajiado kusoma, kisha nikapata kazi huko huko, kwenye maabara ya kupima damu ya ng'ombe na mbuzi. Nilimtumia salamu kwa Mama Sahra. Mwenyewe sikuenda. Nilikuwa na sababu nyingi, na nilipozirudisha moja moja mahali pake hakuna iliyolingana. Biblia ile nikaacha kuisoma, nikanunua nyingine.

Mwaka huu Mama Sahra alinipigia simu kwamba macho ya Mwalimu yameingia ukungu, na hospitali tatu zimemwambia jambo moja, kwa hiyo safari hii ameamini. Jumamosi nikaenda. Nilipita sokoni kwanza nikajaza gunia. Kuta za maghorofa zilikuwa zimepanda zaidi, na maandishi yale manne yalikuwa yamepakwa rangi upya, yamepinda kidogo.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Mutheu."

Hakuna jicho lililokuja kwenye tundu. "Sauti inaweza kuigwa," akasema kutoka ndani. "Chupa moja ni ya mbuzi wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Siku hizi nanunua moja. Inabaki ya mbuzi watatu."

Nikajua. Nikasimama pale na gunia langu, nikakumbuka lile kundi lililokuwa likijaza lango. Sikusema namba.

"Takwenya," akasema, na kufungua.

"Iko."

Alipekua maganda kwa vidole. Tuliketi kwenye benchi lile lile, tukazungumza juu ya Mutheu, ambaye sasa yuko sekondari na anaichukia aljebra. Mbuzi waliporudi alisimama langoni, lakini safari hii kila mmoja alipopita alimgusa: pembe, sikio, mgongo. Mmoja wawili waliruka wakampita.

"Niambie," akasema. "Wametimia?"

Sikuzijua sura zao. Nilihesabu kimoyomoyo, Mungu anisamehe. "Wametimia, Mwalimu."

Akaweka mkono kwenye kitasa cha lango asilifunge, na nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikaitoa ile Biblia ya zamani kwenye mkoba, nikalitoa jalada, nikamwekea mkononi.

"Ni nini hii?"

"Jalada la daftari. Nililitoa mimi. Waliniuliza nani alinifundisha, nikawaambia nimejisomea. Nikakudanganya hawakuuliza."

Akalipapasa, akapitisha kidole kwenye matundu ya pini.

"Nilijua siku ulipolirudisha," akasema. "Niliangalia nikaona nani hayuko."

"Mbona hukuniambia?"

"Jibu linarudishwa na yule alilitoa." Akanipa lile jalada. "Mimi sioni. Hii inaweza kuwa karatasi yoyote. Nisomee."

"Makosa ya Mama Mutheu," nikasoma. "Yamesahihishwa na." Nikasita. Ng'ambo ya barabara, pale dukani, mazungumzo yalikuwa yamekatika. Mama Sahra alikuwa mlangoni na watu wanne au watano wametugeukia, na wawili kati yao nimewahi kuwasikia kwa masikio yangu wakisema yale ya bahasha.

"Na nani?" Mwalimu akauliza.

Nikalisoma jina lake. Majina yote matatu, kwa sauti ya kufika dukani. Nikaongeza la kwangu, ambalo halikuandikwa: kwamba ndiye aliyenifundisha, yeye peke yake, na kwamba sikuiba hata swali moja.

"Rudia."

Nikarudia, kwa nguvu zaidi, na sauti ikanikatika katikati ya jina la tatu. Akanyoosha mkono, nikampa jalada, akalisukuma ndani ya shuka kifuani.

"Wametimia," akasema, akafunga lango, akalivuta kufuli mara mbili.